Vidole vya Verdiana

Alhamisi ile nilitoka nyumbani jua likiwa limeshaanza kulegea. Mgongoni nilibeba mkoba wa zana, mkononi bahasha. Ndani ya bahasha mlikuwa na diski moja, kazi ya wiki tatu. Nilitaka niifikishe, niijaribu, nirudi kabla giza halijaingia. Basi.

Laiti ningeteleza njiani ikavunjika.

Jina langu ni Wilbrodi. Ni fundi wa vinanda na piano hapa Bagamoyo. Marehemu baba alikuwa akitunza kinanda cha kanisa kule Misheni, nami nikajifunza kwake. Baadaye nikaongeza mambo ya kurekodi. Wateja wangu ni kwaya, hoteli za ufukweni, na mara mojamoja nyumba ya mtu mwenye piano iliyomshinda.

Nyumba ya Bi Zeyana ilikuwa mojawapo. Bi Zeyana alikuwa mjane, watu wao asili yao Omani, wauza vitambaa tangu enzi za babu zake. Aliishi Mji Mkongwe, katika nyumba ya ghorofa moja, yeye na mtumishi wake Mwanvita, mama mtu mzima wa Mlingotini. Sebuleni juu alikuwa na piano nyeusi iliyoletwa kutoka Maskati. Ni ile aina inayojipiga yenyewe. Unaingiza diski, vibonye vinashuka na kupanda kama vinabonyezwa na mtu... na mtu hayupo.

Siku aliyoniita mara ya kwanza alinipa kanda ya kaseti, ya zamani, imefungwa kwenye leso.

"Hii sauti ya mwanangu Amal," alisema. "Alikuwa akiipiga piano hii na kuimba. Huu mwaka wa kumi na moja tangu Mungu amchukue. Sauti yake ninayo, baba. Mikono yake sina. Nitengenezee diski, yeye aimbe, na piano impigie kama zamani."

Kazi yenyewe naijua. Diski kama hiyo ina njia mbili. Njia moja hubeba sauti ya mwimbaji, inatoka kwenye spika kama redio. Njia ya pili hubeba midi. Na midi si sauti. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Midi ni maagizo tu: kibonye gani kishuke, lini, kwa nguvu kiasi gani, kiachiwe lini. Mtu anapiga kinanda kilichounganishwa na kompyuta, na kompyuta inakumbuka kila kidole chake. Ukishaipeleka kwenye piano, piano inarudia vidole vyake vilevile. Uzito wake. Kusita kwake. Hata makosa yake.

Mimi masikio ninayo, lakini mikono yangu ni ya kukaza nyaya. Haina ulaini. Kwa hiyo nilimwomba mdogo wangu, Verdiana.

Tumebaki wawili tangu wazazi waondoke. Verdiana anafundisha chekechea, na Jumapili alikuwa akiipigia kinanda kwaya ya parokia. Alivaa hedifoni, akaisikiliza ile kanda mara mbili. Wimbo ulikuwa na beti tatu, kwa Kiarabu, na katika familia yetu hakuna anayejua Kiarabu hata salamu ya pili. Nyuma ya sauti ya Amal kulisikika mgongano mdogo, kama mtu anagonga ubao kwa vidole kushika mapigo.

"Kaka," Verdiana alisema, akavua hedifoni. "Huyu dada haimbi kwa raha."

"Umejuaje?"

"Sikiliza pumzi zake. Kama mtu anayekimbizwa."

Nikacheka. Nikamwambia apige tu. Akapiga mara moja, bila kosa, vidole vyake vikitembea kana kwamba wimbo ule alizaliwa nao. Nikahifadhi.

Basi, Alhamisi hiyo nikafika kwa Bi Zeyana. Alasiri ilikuwa imekwisha swaliwa. Ngazini nilipokewa na harufu ya udi, nzito, na juu yake marashi ya waridi. Sebule ilikuwa imefagiliwa, madirisha yamefungwa. Benchi ya piano ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe.

Nilitaka kukaa nirekebishe sauti.

"Usikalie hapo, fundi," Mwanvita alisema haraka, kwa mnong'ono.

Nikapiga magoti pembeni, nikaingiza diski.

Kimya kidogo... kisha vibonye vikaanza kushuka. Taratibu. Sauti ya Amal ikatoka kwenye spika, nyembamba, safi, kama yuko nyuma ya pazia. Bi Zeyana alikuwa akilia bila kutoa sauti.

"Mpigaji wako ana mkono mzuri," aliniambia wimbo ulipokwisha. "Ni nani?"

"Ni mdogo wangu, Bi."

"Anaitwa nani?"

Nami, kwa majivuno, nikamtajia. "Verdiana."

"Verdiana," akarudia polepole.

Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa ameielekea ile benchi.

Nilifika nyumbani nikamkuta Verdiana ameketi uani, mkono wa kulia ameuzungushia kitambaa kibichi. Sufuria ya mafuta ilikuwa imepinduka chini, samaki wametapakaa mchangani.

"Sijui nini kimenipata, kaka. Nilikuwa nakaanga. Mikono ikanitoka... ikaanza kucheza yenyewe. Nilikuwa naitazama tu."

"Saa ngapi?"

"Sasa hivi. Kabla ya adhana ya magharibi."

Nikamwambia ni uchovu. Nikampaka dawa ya moto. Sikufikiria kitu. Mtu hafikirii kitu kama hicho.

Jumapili tulikwenda misa ya pili. Kanisa lilijaa. Kwaya ikasimama kuimba Mtakatifu, Verdiana akaanza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili. Kisha kinanda kikageuka.

Niliujua ule wimbo kabla watu hawajashtuka.

Ni wimbo wa Amal. Pale pale, mbele ya altare, katikati ya Mtakatifu. Wanakwaya wakanyamaza mmoja mmoja. Padri akainua macho. Verdiana alikuwa akinitafuta kwa macho katika lile kundi la watu, amekodoa, machozi yanatiririka, na vidole vyake chini havimjali. Vilikwenda beti zote tatu. Hakuna aliyethubutu kumgusa. Vilipomaliza, alianguka kwenye kinanda, na kinanda kikalia mlio mmoja mrefu mpaka mtu akakizima.

Watu walisema mapepo. Wengine walisema kwa sauti ya chini, wengine wala hawakujali kama anasikia.

Jumanne ndiyo iliyonifungua macho. Saa nne asubuhi Verdiana alikuwa akiwavusha watoto wa chekechea barabara, mmoja mkono huu, mmoja mkono huu. Katikati ya barabara mikono yake ikafunguka. Akawaachia. Vidole vikaanza kupiga hewani, na wale watoto wakabaki wamesimama pikipiki ikija. Dereva aliwahi kukwepa. Mtoto mmoja alichubuka goti tu, Mungu mkubwa. Lakini mwalimu mkuu alimwambia Verdiana akae nyumbani kwanza.

Niliketi na Verdiana chumbani, nikaitazama ile mikono yake juu ya kanga, imetulia kama mikono ya mtu yeyote. Ndipo nikachukua simu nikampigia Mwanvita.

"Leo asubuhi mliipiga ile diski?"

Nilisikia mlango ukifungwa polepole.

"Mwanvita. Saa nne mliipiga?"

"Saa nne hiyohiyo, fundi," alinong'ona. "Na Jumapili pia. Siku hizi bibi hapumziki."

Nilikwenda mchana uleule. Nilimkuta Mwanvita chini, kwenye ukumbi, anapepeta mchele. Juu piano ilikuwa inalia. Alipoona uso wangu, aliuweka ungo chini, akanivuta nyuma ya ngazi.

"Mimi sikwambii kitu," alisema. "Ila ujue, Amal alikuwa na rohani, jini la kumpanda kichwani. Rohani mwenyewe Mwarabu, mpenda manukato, mpenda nyimbo. Alimchagua awe kiti chake. Kila Alhamisi baada ya alasiri, Amal amwimbie na kumpigia. Hiyo ndiyo ilikuwa ahadi yao."

"Alikufa kwa nini?"

Akatazama juu. "Marehemu mzee, baba yake Amal, hakutaka. Aliifunga piano kwa kufuli, akamwoza Amal kwa mtu wa Tanga. Hakumaliza miezi miwili, akarudishwa. Piano imefungwa, fundi, lakini Alhamisi haifungwi. Akapiga mezani. Akapiga ukutani. Mpaka kucha zikatoka. Ile kanda alijirekodi wiki ya mwisho, kitandani. Ule ubao unaosikika ni ubao wa kitanda."

Juu piano iliendelea kulia.

"Mimi ndiye niliyemwosha," Mwanvita aliendelea, na sasa nilimsikia kwa shida. "Alikuwa ameshakufa tangu alfajiri. Amepoa. Lakini vidole..."

"Vidole nini?"

"Vilikuwa bado vinatembea."

Nilipanda zile ngazi mbilimbili.

Bi Zeyana alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mtandio umemwanguka mabegani. Alikuwa amekonda kwa siku tano kama mtu aliyeugua mwezi. Sikumsalimu. Nilikwenda moja kwa moja kwenye piano, nikabonyeza, diski ikatoka katikati ya ubeti.

Simu yangu ikaita.

Verdiana.

Sikusikia neno, nilisikia ukelele. Kisha maneno yakaja vipande vipande: "Kaka... vinarudi nyuma... vinakunjwa nyuma, kaka, nisaidie..." Halafu nikasikia mlio mdogo, mkavu, kama kijiti cha kibiriti kinavunjwa.

Nilirudisha ile diski.

Wimbo ukaanza upya. Kwenye simu ukelele ukakatika, ukabaki mguno wa mtu anayelia na kuvuta pumzi. Nilisubiri mpaka ubeti wa mwisho. Sikuthubutu kusogea.

"Nilidhani nitamsikia mwanangu tu," Bi Zeyana alisema kutoka sakafuni. "Siku ya kwanza nilimsikia mwanangu. Siku ya pili nikajua hapo kwenye benchi pana mtu, anasikiliza. Sasa nikikawia kupiga, huinuka. Huja huku niliko." Akajifunika mtandio. "Sikutaka kumdhuru mtoto wa watu, wallahi."

"Niambie nifanye nini, Bi. Nitoe diski wimbo ukiisha? Niivunje?"

"Ukiivunja, utavunja kilichomo."

"Sasa?"

Aliitazama ile benchi. "Wimbo huwezi kumnyima tena. Ameshauzoea. Lakini mpigaji hubadilishwa. Mdogo wako ametolewa bila kujua. Akija mwingine kwa hiari yake, kwa jina lake, anajua anachokifanya, huyo hupokelewa."

Nilimpeleka Verdiana hospitali. Kidole kidogo cha mkono wa kulia kilikuwa kimevunjika mahali pawili. Daktari alimuuliza amefanyaje, akasema mlango umembana. Wala mimi sikumwambia ukweli. Ningemwambia nini? Kwamba vidole vyake niliviuza kwa sifa ya kazi nzuri?

Jumatano mchana, yeye amelala kwa dawa za maumivu, niliwasha kompyuta. Nikavaa hedifoni. Nikaweka sauti ya Amal, nikapiga mwenyewe. Mikono yangu ilikuwa mizito kama magogo. Nilichelewa ubeti wa kwanza, nikakosea wa pili, wa tatu niliumaliza nikitokwa jasho. Sikurudia. Niliogopa kwamba nikirudia nitaghairi.

Kisha nikaitafuta njia ya Verdiana nikaifuta. Kompyuta iliniuliza kama nina hakika. Nikakaa pale, kidole juu ya kibonye, muda ambao siwezi kuupima.

Nilikuwa na hakika.

Alhamisi, alasiri, nilikuwa sebuleni kwa Bi Zeyana. Udi ulifuka mpaka macho yakawasha. Tulisubiri diski ya kwanza imalize ubeti wa tatu. Ilipomaliza tu, niliitoa, nikaiingiza yangu.

"Mtajie jina lako," Bi Zeyana alinong'ona.

Nikaigeukia benchi. Kitambaa cheupe kilikuwa kimebonyea katikati, kama godoro linavyobonyea mtu akikaa.

"Wilbrodi," nikasema. "Naja kwa hiari yangu."

Vibonye vikashuka. Ni mimi kabisa, mzito, mwenye kusitasita. Nilijisikia aibu, hata katika hofu ile. Tukafika pale mahali pa ubeti wa kwanza nilipochelewa...

Na Amal akanisubiri.

Mwenye kujua kazi hii ataelewa. Sauti ya kwenye kanda haisubiri mtu. Imekwisha rekodiwa, inakwenda. Nilipokuwa nikipiga nyumbani, ilinipita ikaniacha. Lakini pale sebuleni, piano ilipochelewa, ile sauti ilisimama, ikavuta pumzi, ikaningoja nifike. Kisha tukaendelea pamoja.

Mikono yangu, iliyokuwa imening'inia kando, ikainuka.

Kuanzia hapo Verdiana alipona. Plasta ilitolewa baada ya wiki sita. Kidole kimoja hakikunji tena vizuri, lakini kuandika anaandika, na shule walimrudisha. Kinanda hakugusa tena. Kuhusu mimi alielewa mwenyewe. Tunaishi nyumba moja. Alhamisi ya tatu alinikuta nimekaa mezani, vidole vinapiga ubao, macho nimefumba. Aliniangalia sana. Akanifuta jasho kwa upande wa kanga, akaenda zake jikoni. Sikumweleza na hakuniuliza.

Nilizoea, kama mtu anavyozoea homa ya vipindi. Alhamisi baada ya alasiri sishiki zana, sipandi pikipiki, sibebi chochote cha moto. Bi Zeyana alishika ahadi ileile ya Amal, akapiga Alhamisi tu, mara moja, na yule wa kwenye benchi akaridhika. Nilijiambia kwamba siku akiondoka, jambo litakwisha.

Aliondoka mwezi wa Ramadhani. Alifia usingizini. Jamaa zake walikuja kutoka Maskati, wakazika, wakakata umeme, wakafunga nyumba kwa makufuli matatu. Mwanvita alirudi kwao Mlingotini. Kabla hajaondoka alipita kwangu akaniletea diski zote mbili, zimefungwa kwenye gazeti. Hakuingia ndani. Alizikabidhi mlangoni, akanawa mikono kwenye bomba la uani, akaondoka.

Alhamisi iliyofuata nilikaa mezani nikiwa na matumaini. Alasiri ikapita. Robo saa. Nusu saa.

Kisha mikono ikainuka.

Nyumba imefungwa. Piano haina umeme. Diski ninazo mimi, chini ya kitanda. Na vidole vyangu vilipiga beti zote tatu.

Nimepata kwenda kwa padri. Aliniombea, akanipaka mafuta, akaniambia nisikose sakramenti. Nimepata kwenda kwa shekhe mmoja, mtu mwema. Alisoma, kisha akaniuliza kama ni kweli nilimtajia jina kwa hiari yangu. Nikamwambia ni kweli. Akafunga kitabu.

Ningeweza kuishi hivyo. Lakini mwezi uliopita wimbo uliongezeka.

Beti tatu zilipokwisha, mikono haikutulia. Ikaanza ubeti wa nne. Sikuwahi kuusikia popote, haumo kwenye kanda wala kwenye diski. Ni wa polepole, na kila baada ya mstari vidole vinasimama hewani, vinangoja kidogo, kisha vinaendelea.

Verdiana alikuwa akipita na kikombe cha chai. Akasimama.

"Kaka," aliniuliza, "hapo unapoacha, unamwachia nani nafasi?"

"Hakuna."

Hakuondoka. Alisimama anasikiliza, kichwa amekiinamisha upande mmoja, midomo imeachana kidogo. Alivyoanza kuvuta kiti akae, nilimpigia kelele ambayo sijawahi kumpigia tangu tuzaliwe. Akatoka analia.

Jumamosi yake nilimpandisha basi nikampeleka Ubena, kwa shangazi yetu Adija, dada wa baba aliyeolewa na Mwislamu. Nilimwambia akapumzike mpaka shule zifunguliwe. Nilidhani umbali utasaidia.

Alhamisi iliyopita, wimbo ukiwa katikati ya ubeti wa nne, simu yangu iliita pale mezani, mbele yangu. Niliona jina la shangazi. Ikaita mpaka ikakatika. Ikaita tena. Nilikuwa naitazama tu. Mikono haikuwa yangu.

Magharibi ilipoadhiniwa ndipo vidole vilipotulia, nikampigia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimekutafuta." Alikuwa akizungumza chini chini, kama mtu asiyetaka kusikiwa na aliye chumba cha pili. "Hakuna ubaya. Ni huyu mdogo wako tu. Amekaa hapa uani tangu alasiri, kajitia udi wangu, anaimba peke yake. Anaimba kidogo, ananyamaza, anaimba tena. Ana sauti nzuri, mashallah, sikujua."

Niliitazama mikono yangu juu ya meza.

"Wilbrodi, unanisikia? Nilitaka kukuuliza tu. Verdiana Kiarabu amejifunza lini?"